Ndoa Isiyo na Mtoto: Wapimwe Wawili

Mazungumzo ya afya ya uzazi kwa wakazi wa Kiamaiko

 

Hapa Kiamaiko hakuna anayehitaji kufundishwa habari za mbuzi. Malori huwaleta kutoka kaskazini mwa nchi, nao wanunuzi huwakagua mmoja mmoja kabla ya kutoa pesa. Mzee aliyewahi kufuga Marsabit, Isiolo au Moyale anajua kwamba majike wa boma lake wakikosa kushika mimba msimu mzima, haifai kuwalaumu majike peke yao. Humwangalia pia beberu. Huangalia kama amedhoofika, kama ana ugonjwa, kama korodani zake zimevimba.

Binadamu si mbuzi, na mtoto si mali ya kuuzwa sokoni. Lakini inashangaza kwamba mzee huyo huyo akirudi nyumbani na kukuta mwanawe ameoa miaka mitatu bila mtoto, macho yote humgeukia mkazamwana. Yeye ndiye anayepelekwa kwa mganga. Yeye ndiye anayenyweshwa mitishamba, anayesengenywa kwenye harusi, anayeambiwa ataletewa mke mwenza. Mume hapimwi. Wakati mwingine hata haulizwi.

Mazungumzo ya leo yana ujumbe mmoja: kukosa kupata mtoto ni jambo la kiafya lenye sababu zinazojulikana, na sababu hizo huwapata wanawake na wanaume. Anayempima mmoja na kumwacha mwingine amefanya nusu ya kazi, na huenda ameiacha ile nusu yenye tatizo.

Utasa ni nini?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kuna tatizo la uzazi pale mume na mke wanapokutana kimwili mara kwa mara kwa miezi 12 au zaidi, bila kinga wala dawa ya kupanga uzazi, na mimba isiingie. Mwezi mmoja au miwili si utasa. Hata watu wenye afya nzuri huweza kungoja miezi kadhaa. Katika wanandoa 100 wanaojaribu, zaidi ya 80 hufanikiwa ndani ya mwaka wa kwanza.

Mwaka 2023 WHO ilitangaza kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila watu wazima sita duniani hupatwa na tatizo hili wakati fulani maishani. Katika ploti yenye familia nyingi, basi, huenda kuna zaidi ya nyumba moja inayobeba mzigo huu kimya kimya.

Tatizo hili ni la aina mbili. Aina ya kwanza ni ya watu ambao hawajawahi kupata mimba kabisa. Aina ya pili ni ya wale waliowahi kupata mimba, pengine wana mtoto mmoja au wawili, kisha mimba ikakataa. Aina hii ya pili ni ya kawaida sana barani Afrika, na chanzo chake kikubwa ni maambukizi: magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa vizuri, na uambukizo unaoingia baada ya kujifungua au baada ya mimba kutoka katika mazingira yasiyo salama. Kwa hiyo mtu asijiambie, "Mimi nilishazaa, kwa hivyo tatizo haliwezi kuwa langu." Hali ya mwili hubadilika, kwa mwanamke na kwa mwanamume.

Mimba huhitaji mambo manne

Ili mimba iingie, mambo manne lazima yawe sawa. Kwanza, mwanamke awe anatoa yai. Pili, mwanamume awe na mbegu za kutosha, zenye umbo zuri na zinazoogelea vizuri. Tatu, njia ziwe wazi, yaani mirija ya uzazi ya mwanamke na mirija inayopitisha mbegu za mwanamume. Nne, mfuko wa uzazi uwe tayari kulipokea yai lililorutubishwa na kulilea.

Yai likishatoka, huishi kwa muda usiozidi saa 24 hivi. Mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano. Kwa sababu hiyo, siku zenye nafasi nzuri ni zile chache zinazotangulia kutoka kwa yai na siku yenyewe ya kutoka. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu siku ya 14. Wanandoa wanaokutana kila baada ya siku mbili au tatu hawahitaji kuhesabu sana. Lakini mume anayefanya kazi Mombasa na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi anaweza kukosa siku hizo mwaka mzima, na wote wawili wakawa wazima.

Sababu kwa wanaume

Sababu za wanaume zinatangulia hapa kwa makusudi, kwa kuwa ndizo husahaulika. Katika karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, mwanamume ana tatizo pia, akiwa peke yake au pamoja na mkewe.

Kuna jambo moja wanaume wengi hawalijui. Nguvu za kitandani na uwezo wa kuzalisha ni vitu viwili tofauti. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu tele, akatoa shahawa nyingi, na shahawa hizo zisiwe na mbegu hata moja. Macho hayawezi kuziona mbegu. Huonekana kwa darubini ya maabara tu. Kiwango cha chini ambacho wataalamu wa WHO hutumia kupimia ni mbegu milioni 16 katika kila mililita ya shahawa. Chini ya hapo mimba bado inawezekana, ila nafasi hupungua.

Sababu ya kwanza ni mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, hali inayoitwa varikosele. Huongeza joto na kuharibu mbegu. Hupatikana kwa wanaume wengi wenye tatizo la uzazi, na baadhi yao husaidiwa kwa upasuaji mdogo.

Ya pili ni maambukizi. Kisonono na klamidia zinaweza kuziba mirija inayopitisha mbegu. Matubwitubwi yakimpata kijana aliyebalehe yanaweza kuingia kwenye korodani na kuacha madhara.

Ya tatu ni korodani ambazo hazikushuka utotoni. Mama au nyanya anayemwogesha mtoto wa kiume ndiye wa kwanza kuweza kuona kwamba mfuko hauna kitu. Mtoto huyo apelekwe hospitali mapema. Upasuaji hufaa zaidi akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 18, wala si wa kungoja hadi aende jando au shule.

Ya nne ni korodani kujisokota. Kijana anapopatwa na maumivu makali ya ghafla upande mmoja, asipewe dawa ya maumivu akaambiwa alale. Akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Baada ya takriban saa sita korodani huanza kufa kwa kukosa damu.

Ya tano ni mambo ya maisha ya kila siku. Sigara, pombe nyingi na unene uliozidi hupunguza ubora wa mbegu. Joto jingi karibu na korodani kwa muda mrefu halizifai. Risasi, ile metali inayotoka kwenye betri kuukuu za magari, hudhuru mbegu pia, na vijana wa jua kali wanaopasua betri hizo bila kinga wanapaswa kulijua hilo. Vijana wa mazoezi ya kuinua vyuma nao wasikilize: sindano na tembe za homoni za kukuza misuli huuambia mwili uache kutengeneza mbegu. Anayezitumia huonekana dume kwa nje huku ndani kiwanda kimefungwa.

Ya sita ni magonjwa kama kisukari, ambayo huweza kudhoofisha nguvu za kiume na hata kuzifanya shahawa zirudi nyuma kwenye kibofu badala ya kutoka nje.

Habari njema ni kwamba mwili wa mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila siku, na safari ya mbegu kutoka mwanzo hadi kukomaa huchukua karibu miezi mitatu. Anayeacha sigara leo asitarajie mabadiliko wiki ijayo. Ajipe miezi mitatu, kisha apimwe tena.

Sababu kwa wanawake

Sababu ya kwanza ni yai kutotoka au kutoka kwa nadra. Dalili yake kubwa ni hedhi isiyo na mpangilio, inayokaa miezi miwili au mitatu bila kuonekana. Chanzo cha kawaida ni hali ya homoni inayojulikana hospitalini kwa kifupi kama PCOS. Wengi wenye hali hii huongezeka uzito, huota nywele kidevuni na hupata chunusi nyingi. WHO inakadiria kwamba huwapata wanawake wapatao mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Hutibika vizuri. Baadhi hurudia kutoa yai baada ya kupunguza uzito kidogo, na wengine hupewa tembe za kuchochea ovari. Tezi ya koo isiyofanya kazi sawasawa, au homoni inayofanya matiti yatoe maziwa ilhali mwanamke hanyonyeshi, huweza pia kuzuia yai. Zote mbili hutambuliwa kwa kipimo cha damu.

Ya pili ni mirija iliyoziba. Ugonjwa wa zinaa ukipanda juu hadi kwenye mirija huacha makovu, na yai na mbegu hushindwa kukutana. Mirija iliyoharibika nusu ni hatari zaidi, kwa kuwa mimba inaweza kutunga humo humo. Mimba ya namna hiyo haiwezi kukua. Huweza kupasua mrija na kumuua mama kwa kuvuja damu ndani. Mwanamke aliyekosa hedhi, akapata maumivu makali ya tumbo upande mmoja na kizunguzungu, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Ya tatu ni endometriosisi. Hapa tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake, zikasababisha maumivu makali, makovu na mara nyingine ugumu wa kupata mimba. Inakadiriwa huwapata wanawake na wasichana wapatao mmoja kati ya kumi. Wakenya wengi waliujua ugonjwa huu kupitia mtangazaji Njambi Koikai, aliyeufichua hadharani na kupigania wagonjwa wenzake hadi alipofariki Juni 2024. Somo lake kwa wazazi ni hili: binti anayekosa shule kila mwezi, anayetapika au kuzimia kwa maumivu ya hedhi, asiambiwe avumilie kwa sababu wanawake wote hupitia hayo. Apelekwe kwa daktari.

Ya nne ni uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, unaoitwa faibroidi. Ni wa kawaida sana kwa wanawake wa Kiafrika. Mwenye faibroidi si lazima awe tasa. Wengi huzaa bila shida. Kinachohesabika ni mahali ulipoota. Uvimbe unaoingia ndani ya chumba cha mfuko wa uzazi ndio unaozuia mimba zaidi.

Ya tano ni kifua kikuu cha kizazi. TB haikai kwenye mapafu tu. Inaweza kuingia kwenye mirija na utando wa mfuko wa uzazi, na mwanamke asikohoe hata kidogo. Katika mitaa yetu yenye vyumba vidogo na watu wengi, ambako TB bado ipo, daktari anapaswa kuambiwa kama mgonjwa au jamaa wa karibu amewahi kuugua.

Ya sita ni umri. Msichana huzaliwa na mayai yake yote na haongezewi mengine. Uwezo wa kushika mimba hupungua taratibu baada ya miaka 30, kisha kwa kasi zaidi baada ya 35. Umri wa mwanamume nao una athari, ingawa hupungua polepole zaidi.

Ukeketaji nao hauwezi kuachwa nje ya mazungumzo haya. Huleta maambukizi, makovu na maumivu wakati wa tendo la ndoa, na aina ile ya kushona inaweza kuufanya uzazi wenyewe kuwa mgumu na wa hatari. Sheria ya Kenya imeupiga marufuku tangu mwaka 2011. Familia inayompeleka binti kukeketwa ili apate mume huenda inamnyima mtoto.

Ugonjwa unaotoka kwa mbuzi

Ugonjwa mmoja unaihusu Kiamaiko kwa karibu kuliko mitaa mingi ya Nairobi, nao ni brusela. Wafugaji huutambua pale mbuzi wanapotupa mimba mmoja baada ya mwingine. Kwa binadamu huingia kwa kunywa maziwa mabichi ya mbuzi, ng'ombe au ngamia, na kwa kugusa damu, kondo la nyuma au mimba iliyotoka ya mnyama mgonjwa, hasa mkono ukiwa na kidonda.

Mgonjwa hupata homa inayokuja na kwenda, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu usioisha. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na za malaria na za homa ya matumbo, wengi hununua dawa zisizo sahihi kwa miezi mingi. Kwa baadhi ya wanaume brusela hushuka hadi kwenye korodani, zikavimba na kuuma, na uzazi ukaweza kudhurika. Kwa mama mjamzito, inaweza kumfanya apoteze mimba.

Brusela hutibika kwa dawa zaidi ya moja zinazotumiwa pamoja kwa angalau wiki sita. Anayeacha baada ya wiki mbili kwa kuwa amepata nafuu huugua tena. Kuikinga ni rahisi. Chemsheni maziwa yote kabla ya kunywa. Wanaofanya kazi machinjioni wavae glavu na gambuti na wafunike vidonda. Kondo na mimba za wanyama zisishikwe kwa mikono mitupu. Na mfanyakazi wa machinjioni anayekwenda hospitali kwa ajili ya homa amwambie daktari kazi anayofanya, kwa kuwa daktari asipojua hatafikiria brusela.

Magonjwa ya zinaa na dawa za dukani

Klamidia na kisonono ndizo sababu ambazo jamii hii inaweza kuzipunguza kwa haraka zaidi. Wanawake wengi wenye klamidia hawaoni dalili yoyote. Uchafu wa rangi, harufu, maumivu chini ya kitovu au kuwashwa wakati wa kukojoa, vinapoonekana, si vya kufichwa.

Kosa la kawaida huwa hivi. Mume huona usaha, hukimbia duka la dawa usiku, hununua tembe chache na hupona dalili. Mke haambiwi. Ugonjwa unabaki kwake, unampanda hadi kwenye mirija, na baada ya miaka miwili yeye ndiye anayeitwa tasa. Kwa hiyo mtu akipatikana na ugonjwa wa zinaa, watibiwe wote wawili kwa wakati mmoja, wamalize dawa, na wasikutane bila kinga hadi waambiwe wamepona.

Vivyo hivyo kwa mimba kutoka. Mwanamke anayevuja damu, mwenye homa au uchafu wenye harufu baada ya mimba kutoka au baada ya kujifungua, ana haki ya kutibiwa bila kuhukumiwa. Kila siku anayojificha nyumbani, uambukizo unapanda.

Wanaoishi na virusi vya Ukimwi nao wasikate tamaa. Mtu anayemeza dawa zake vizuri na kushauriana na kliniki anaweza kupata mtoto asiye na virusi.

Mambo yasiyo sababu

Uvumi mwingi hupita mitaani, na mwingine unaharibu maisha. Dawa za kupanga uzazi haziwafanyi wanawake kuwa tasa. Tembe, kipandikizi na koili zikiondolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Sindano ya miezi mitatu huchelewa. Mwanamke anaweza kungoja hadi karibu mwaka mmoja baada ya sindano ya mwisho, kisha uzazi hurudi. Anayepanga kupata mtoto karibuni amweleze muuguzi mapema ili achaguliwe njia nyingine.

Kukosa mtoto si dalili kwamba mke alikuwa mhuni ujanani. Mwanamke aliyeolewa bikira anaweza kuwa na PCOS, na mume mcha Mungu anaweza kuwa na varikosele. Maombi na dua ni haki ya kila mtu na huwapa wengi nguvu, lakini hayakatazi kipimo. Anayekwenda kanisani au msikitini anaweza pia kwenda maabara.

Kipimo kinaendaje?

Mwanamke aliye chini ya miaka 35 aende na mumewe baada ya mwaka mmoja wa kujaribu. Aliyefika 35 asingoje zaidi ya miezi sita. Mwenye hedhi iliyovurugika, aliyewahi kupata mimba nje ya mfuko wa uzazi, au mwanamume aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa korodani, asingoje hata miezi hiyo.

Safari huanzia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba anaweza kuwaelekeza. Hapo hufanyika mazungumzo, uchunguzi wa mwili na vipimo vya mwanzo, kisha rufaa hutolewa kwa hospitali kubwa kama Mama Lucy Kibaki, Pumwani au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kila familia ijiandikishe na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na iulize mapema ni huduma zipi zinazolipiwa na zipi watakazolipia wenyewe.

Kwa mwanamume, kipimo cha kwanza ni cha shahawa. Ni miongoni mwa vipimo vya bei nafuu katika safari hii yote, na hakina sindano wala kisu. Huombwa akae siku mbili hadi saba bila kutoa shahawa. Anayeona haya kutoa sampuli hospitalini aulize kama anaweza kuileta kutoka nyumbani, katika chombo alichopewa na maabara, kabla ya saa moja kwisha. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa, kwa kuwa homa ya mwezi uliopita tu inaweza kushusha idadi ya mbegu.

Kwa mwanamke, huangaliwa homoni kwa damu, mfuko wa uzazi na ovari kwa altrasaundi, na mirija kwa eksirei maalum ambayo dawa hupitishwa ndani ili ionekane kama njia ziko wazi.

Angalieni mpangilio huo. Eksirei ya mirija huuma na hugharimu zaidi. Kipimo cha shahawa hakiumi. Hata hivyo, wapo wanawake wanaopitia eksirei, na hata upasuaji, kabla waume zao hawajakubali kutoa sampuli moja. Familia inayotaka kuokoa pesa na muda impeleke mume siku ile ile ya kwanza.

Wengi husaidiwa kwa dawa, kwa matibabu ya maambukizi au kwa upasuaji. Wachache huhitaji yai kurutubishwa maabara. Mtoto wa kwanza duniani kuzaliwa kwa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na mwaka 2006 Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa njia hiyo hapa Nairobi. Gharama yake bado ni mamia ya maelfu ya shilingi, nayo haifanikiwi kila mara, kwa hivyo mtu asiuze shamba kabla ya kupewa maelezo kamili ya nafasi aliyonayo. Kuna pia njia ya kulea. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatambua kuasili mtoto, na kwa Waislamu inatambua kafala.

Heshima nyumbani

Mwaka 2016 nchi hii ilishtushwa na habari za mke aliyekatwa mikono, akilaumiwa kwamba hazai. Jambo kama hilo haliji siku moja. Huanza kwa maneno: "Tumemlisha bure." "Nyumba haina kelele za watoto." Kisha huja kofi, kisha kufukuzwa usiku. Anayepigwa au kutishwa kwa sababu hii apige simu 1195, bila malipo, au aende kituo cha afya, kituo cha polisi au kwa chifu.

Kina mama wakwe, neno lenu lina uzito mkubwa kuliko la daktari katika nyumba nyingi. Mama akimwambia mwanawe, "Mwanangu, nenda na mke wako, mpimwe wote wawili," kijana huyo ataona haya kukataa. Wazee, mkiitwa kusuluhisha ndoa kama hii, ulizeni kwanza majibu ya vipimo vya wote wawili. Kama ni vya mmoja tu, ahirisheni kikao mpaka mwingine apimwe.

Kina baba, kupimwa hakumpunguzii mtu uanaume. Hakuna anayenunua beberu hapa sokoni bila kumkagua, na hakuna beberu aliyedharauliwa kwa kukaguliwa. Mwanamume anayekwenda kliniki pamoja na mkewe amemwondolea nusu ya mzigo hata kabla ya majibu kutoka. Na majibu yakija, yawe mazuri au mabaya, yatakuwa yao wawili.

Walio na maswali ya faragha wasiyaulize mbele ya watu kama hawataki. Wafike kituo cha afya, na waje wawili.